Kumshusha Mtu, Kuushusha Mti

Mdogo wangu hupanda miti. Nikisema hivyo mbele ya watu, hakosi mmoja wa kucheka na kuuliza kama anachuma matunda. Hachumi matunda. Hukata miti mikubwa iliyotanda pasipofaa: juu ya paa, juu ya nyaya za umeme, kando ya ukuta wa jirani anayependa kesi. Mti usio na pa kuangukia yeye huupanda mpaka juu, akaukata kipande kipande, na kila kipande akakiteremsha kwa kamba polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Kwa kumi na saba ya hiyo alilipwa sawasawa na mtu anayefagia majani chini.

Wafagiaji siwadharau. Mimi mwenyewe ni dobi wa hospitali, nafua mashuka ambayo wengine hawataki hata kuyatazama. Ninaowadharau mimi ni watu wawili, na nitawasema.

Wa kwanza ni mkandarasi aliyekuwa akimpa kazi. Tulimwita Bwana Tai. Si yule ndege, ni ile ya shingoni. Aliivaa hata kwenye vichaka. Viatu vyake vilichongoka mbele na havikuwahi kujua matope, maana kila penye matope alisimama kando na kunyoosha kidole. Alikuwa na zabuni ya kutunza viwanja vya hospitali, shule mbili na ofisi kadhaa, na kazi yake, kadiri nilivyoweza kuiona kwa macho yangu haya, ilikuwa kunyoosha hicho kidole na kupokea hundi. Bwana Tai alimwita mdogo wangu Ngedere. "Ngedere wangu yuko wapi?" aliuliza kila alipofika, na vibarua wakacheka, kwa sababu kibarua asiyechekea utani wa tajiri kesho hapangiwi kazi.

Mdogo wangu naye alicheka. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi.

Ni mtu wa maneno machache na makini mengi. Kabla ya kupanda huuzunguka mti mara tatu, hugonga shina kwa nyundo ya mbao na kutega sikio, hupekua mizizi kama mtu aliyedondosha pete. Kisha hurusha uzi wenye kifuko cha mchanga juu ya tawi alilolichagua, huvutia kamba kwa uzi huo, hujining'iniza kwa uzito wake wote angali chini, ndipo apande. Kamba, mkanda wa kiunoni na mapajani, kofia ngumu, misumeno, vyote alinunua mwenyewe. Na kila baada ya miaka michache kamba nzima huikatakata akawagawia majirani waanikie nguo, hata kama kwa macho yetu bado ni mpya.

Mke wake, wifi yangu, ni mshonaji. Siku hizo godoro lao lilikuwa limebonyea katikati kama karai.

"Kamba tena mwaka huu?" alimwuliza siku moja mbele yangu. "Na godoro je?"

"Godoro likichakaa utaumwa mgongo. Kamba ikichakaa utakuwa mjane."

"Basi huyo Bwana Tai akununulie."

Akaenda kumwomba. Bwana Tai akamjibu kwamba fundi wa kweli huja na zana zake. Lakini wafagiaji aliwapa mafagio.

Mwaka wa kumi na mbili tawi lilimpiga, likamvunja mtulinga. Alikaa nyumbani wiki saba bila senti. Bwana Tai alikuja kumjulia hali mara moja, na mkate mmoja mkononi. Wifi alipochelewesha chai, akaukata na kula nusu yake akisubiri. Mwaka wa kumi na nne mdogo wangu alijilipia kozi ya wiki sita katika chuo cha misitu, akarudi na cheti chenye picha yake. Bwana Tai alikiomba akatoe nakala, "kwa kumbukumbu." Kuhusu kuongeza malipo alisema, "Cheti hakipandi mti." Alijiona amesema neno la hekima, akarudia mara mbili.

Sasa nije kwenye mkaratusi.

Ulikuwa nyuma ya wodi ya wazazi, mrefu kama jengo la ghorofa saba, umeinama kidogo kuelekea bati la wodi. Uwanja wangu wa kuanikia mashuka uko pale pale. Siku moja mdogo wangu alikuja kupunguza ua wa michongoma, akauona. Akaacha michongoma. Akauzunguka mara tatu, akapiga magoti upande wa wodi, akanionyesha uyoga ulioota shinani, mpana kama sahani.

"Dada, huu umeoza ndani. Gonga usikie."

Nikagonga. Upande mmoja ulilia kama mlango, upande wa pili kama debe tupu.

"Ukija upepo wa maana, utalala vitandani mle."

Alimwambia Bwana Tai jioni hiyo hiyo. Akamweleza kwamba ni kazi ya siku mbili, ya mpandaji mmoja na watu wawili wa chini wanaojua kushika kamba, na wazazi wahamishwe kwanza. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba, akaongeza: "Na huu nataka nilipwe kama mpandaji. Si kama kibarua."

Bwana Tai alicheka mpaka akalegeza tai. "Ngedere! Ngedere tangu lini akalipwa kupanda mti?"

Safari hii mdogo wangu hakucheka. Alikunja kamba yake, akaenda nyumbani, na hakurudi kazini. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa katibu wa hospitali, yaani mkuu wa utawala, akieleza hali ya mti. Niliipeleka masjala mwenyewe, ikagongwa muhuri mbele yangu. Miezi minne ikapita. Katibu, ambaye ndiye mtu wangu wa pili, hupita uwanjani kwangu kila asubuhi akikwepa mashuka yenye maji yasimguse koti. Kila alipopita nilimtazama, naye alitazama simu.

Katika miezi hiyo mdogo wangu aliishi kwa kazi za kuokoteza, na wifi alishona mpaka macho yakawa mekundu. Watu wa kutoa ushauri hawakukosekana. Mjomba wetu alisema kiburi hakijazi sufuria. Nilimjibu mjomba kwamba unyenyekevu nao tumeupika miaka kumi na saba na haujaiva.

Mwanzoni mwa mvua, tawi moja la mkaratusi lilidondoka likapasua dirisha la wodi. Hapo ndipo Katibu alipoinua macho kutoka kwenye simu. Alimpigia Bwana Tai, na kesho yake Bwana Tai akaleta mtu wake, mpasua mbao wa karakana moja ya mjini. Yule bwana ni hodari, simkosei adabu. Gogo lililokwisha lala chini hulifanya mbao kabla chai haijapoa. Lakini mti uliosimama ni kitu kingine. Alikuja na ngazi ya mbao, kamba ya katani, na msumeno wa mnyororo mzito kama ndama. Wazazi hawakuhamishwa. Bwana Tai alisema ni kazi ya nusu saa.

Nilikuwa naanika. Nilimwona akipanda hadi kwenye panda la kwanza, akajifunga kiunoni kwa ile katani, akawasha msumeno na kuanza kulikata tawi kubwa kutoka juu. Hata mimi dobi, kwa kumsikiliza tu mdogo wangu mezani, najua kwamba tawi hukatwa chini kwanza kidogo, ndipo juu, ama sivyo litachanika. Likachanika. Lilipasuka kwa sauti kama ya bunduki, likabembea, likaipiga ngazi, likaangusha kamba zangu tatu za mashuka na kukunja pembe ya bati la wodi. Lakini halikukatika lote. Lilibaki limening'inia kwa ubavu, na mguu wa mpasua mbao ukawa umebanwa kati ya ubavu huo na shina. Msumeno ulianguka ukafukia pua yake kwenye udongo. Wodini akina mama walipiga kelele, na watoto wa siku moja wakaitikia.

Bwana Tai alisimama penye simenti akinyoosha kidole juu. "Shikilia!" alipaza sauti. "Shikilia hapo hapo!" Kana kwamba yule mtu alikuwa na mpango mwingine.

Gari la zimamoto lilikuja na ngazi yake ndefu, lakini halikuweza kupita kati ya maabara na tangi la maji. Wakabaki kupiga mahesabu. Ndipo Bwana Tai alipokumbuka kwamba nina udugu na mtu fulani.

"Dada, dada, hebu mpigie Ngedere."

"Simjui mtu wa jina hilo."

"Si mdogo wako!"

"Mdogo wangu ana jina. Litaje."

Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Miaka kumi na saba! Nilimwacha atapatape hapo kidogo kwa raha zangu. Nilikuwa nimeshapiga simu dakika kumi nyuma, ila hilo halikumhusu.

Mdogo wangu alifika kwa pikipiki na mfuko wake mgongoni. Hakusalimia mtu. Aliuzunguka mti mara tatu.

"Anazungukazunguka nini huyu?" Bwana Tai alifoka. "Mtu anakufa!"

Akagonga shina, akatega sikio. Akarusha uzi, ukapita juu ya panda la pili kwa mrusho wa kwanza, akavuta kamba, akajining'iniza, akaanza kupanda. Wakati huo kila dirisha la hospitali lilikuwa na vichwa. Bwana Tai, alipoona kuna mashahidi, ukarimu ukamshukia ghafla: "Nitakulipa mara mbili! Mara tatu! Wewe ni shujaa!" Akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya manesi wote.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka juu, bila hasira. "Kumshusha mtu sina bei. Nyamaza nimsikie mwenzangu."

Tulimwona akimvika mpasua mbao mkanda wa akiba, akiongea naye polepole kama mkunga. Akalifunga tawi lililochanika kwa kamba ya pili ili lisicheze, akakata kwa msumeno wa mkono kwa dakika nyingi mno, kidogo, anapumzika, anasikiliza, kidogo tena, mpaka mguu ukatoka. Kisha akamteremsha. Mpasua mbao aligusa ardhi na kulia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Suruali yake ilikuwa imelowa na hakuna aliyecheka. Alivunjika kifundo cha mguu, basi. Wakunga walipiga makofi.

Mdogo wangu alipotua, Bwana Tai alikuwa ameshafunga tai upya. "Sasa si umalizie? Upo hapo hapo, kamba zako zipo."

Mdogo wangu aliivuta kamba, akaanza kuikunja. "Kumshusha mtu nimemaliza. Kuushusha mti kuna bei yake, na sizungumzi bei na wewe." Akanigeukia. "Dada, twende kwa Katibu. Wewe una mdomo."

Ofisi ya Katibu ina kiyoyozi, maua ya plastiki, na zulia ambalo nafua mimi. Alituwekea viti, jambo ambalo halijawahi kunitokea humo. Bwana Tai alitufuata bila kuitwa na kusimama mlangoni.

"Tuzungumze kibinadamu," Katibu alianza. "Fikirieni wale akina mama."

"Nimewafikiria tangu miezi minne iliyopita," mdogo wangu akasema. "Nilikuandikia."

"Sikumbuki kuona barua."

"Nilileta mimi," nikasema. "Iligongwa muhuri saa nne asubuhi. Nikuitie mtu wa masjala?"

Akapekua trei yake. Barua ilikuwa chini kabisa, chini ya kalenda ya mwaka uliopita, bahasha haijafunguliwa. Akaifungua mbele yetu, akaisoma, na nilimwona akifika kwenye neno "vitandani" na kusimama.

"Sasa unataka nini?"

Mdogo wangu akataja bei yake. Haikuwa ya ajabu. Kwa siku mbili ilikuwa karibu na mshahara wangu wa mwezi mmoja, nami silipwi wa kuringia.

Katibu akashtuka, lakini si kwa namna tuliyoitegemea. "Mbona ni nusu?"

"Nusu ya nini?"

Bwana Tai akakohoa mlangoni. Katibu alikuwa tayari ameshavuta faili la zabuni, na nadhani, Mungu anisamehe kama nakosea, ndiyo mara ya kwanza alikuwa analisoma. Akasoma kwa sauti: mtaalamu wa kupanda miti mwenye cheti, mmoja, kila mwezi, pamoja na vifaa na bima, kwa fedha mara mbili ya bei aliyoitaja mdogo wangu. Na nyuma ya karatasi hiyo, kimebanwa kwa pini, cheti cha mdogo wangu. Nakala ya kumbukumbu. Na picha yake, ameikodolea kamera macho.

Basi kumbe. Kumbe alikuwa mtaalamu miaka mitatu mizima, ila kwenye karatasi. Kwenye karatasi alikuwa na bima, yeye aliyewahi kukaa wiki saba na mtulinga uliovunjika bila senti. Kwenye karatasi alinunuliwa kamba. Hata ile miezi minne alipokuwa nyumbani, wifi akishona mpaka macho yanatoka maji, kwenye karatasi alikuwa bado anapanda na bado analipwa, na tai za Bwana Tai zilizidi kubadilika rangi.

Nilimgeukia yule bwana nikitegemea kuona aibu. Sikuona. Alikuwa anatazama saa yake.

"Haya ni mambo ya kawaida ya biashara," alisema. "Gharama za usimamizi."

"Usimamizi," mdogo wangu akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Ulisimamia, kweli. Sijawahi kukuona umekaa."

Nilicheka mpaka Katibu akanitazama. Nikazidi kucheka.

Mdogo wangu hakudai kuombwa msamaha wala hakumtukana mtu. Alichukua karatasi mezani kwa Katibu akaandika masharti yake. Alipwe na hospitali moja kwa moja. Watu wa chini awachague yeye na walipwe vizuri. Bima iwepo kweli, aione. Wodi ihamishwe kwanza. Na upepo ukivuma, atakayesema tusimame ni yeye, si mtu mwingine. Katibu alisaini kila mstari. Angesaini hata orodha ya sokoni siku ile. Nje kulikuwa na ndugu wa wagonjwa, na mmoja wao alikuwa anapiga picha bati lililokunjika.

Wazazi wakahamishiwa ukumbi wa mikutano, vitanda kumi na viwili chini ya saa ya ukutani iliyokufa. Kazi ilichukua siku tatu, siyo mbili, kwa sababu siku ya pili kulikuwa na upepo na mdogo wangu akasema tusimame. Katibu alikuja kulalamika, akaonyeshwa mstari wa tano. Akarudi ofisini. Vipande viliteremka kimoja kimoja, na shina lilipokatwa chini kabisa tuliona uozo wake: shimo jeusi ambalo mtu mzima angeweza kuketi ndani, na ukingo wa mbao nzima usiozidi upana wa kiganja upande wa wodi. Wakunga walikuja kulitazama wakiwa wameshikana mikono.

Mwisho wa mambo ya aina hii si kama watu wanavyopenda. Bwana Tai alipoteza zabuni ya hospitali, lakini zile shule na ofisi bado anazo, na bado ananyoosha kidole. Alitakiwa arudishe fedha za miaka mitatu. Amerudisha za miezi sita, na kwa zilizobaki anaumwa kila tarehe ya kesi. Katibu alibandika kwenye ubao wa matangazo picha yake amesimama juu ya kisiki, amevaa kofia ngumu ya mdogo wangu aliyoiazima, na chini yake maneno ya kupongeza uongozi kwa kuchukua hatua za haraka. Za haraka! Kofia alirudisha, ila alikivunja kile kishikizo cha kidevuni.

Wapandaji wengine wawili wa mji huu walisikia bei, nao wakakataa kupanda chini ya bei hiyo. Kwa mwezi mmoja wenye majumba walilia kwamba mafundi wamevimba vichwa. Mwezi wa pili wakalipa. Mpasua mbao alipopona alikuja nyumbani kwa mdogo wangu, amenyoa, na mkongojo mkononi, akasema: "Kaka, nifundishe kushika kamba ya chini. Juu sirudi, hata kwa dawa." Sasa ndiye anayeshika, na hakuna anayeishika kwa makini kama yeye.

Wifi alinunua godoro jipya, na wiki ya kwanza alilalamika kwamba ni gumu mno.

Na juzi nilikuwa kwa mdogo wangu, simu ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule mojawapo ya zile anazotunza Bwana Tai. Ana mti umeegemea darasa, ameambiwa na mkandarasi wake kwamba ni kazi ya nusu saa.

"Ameshaleta mtu?" mdogo wangu aliuliza.

"Anamleta kesho."

"Watoe watoto darasani leo." Akapangusa mikono kwa kitambaa cha wifi, wifi akamkata jicho. "Halafu nipe jina la huyo mtu anayeletwa. Nataka nimpigie kabla hajapanda."